Saiti ya NHC ya kufuatilia vimbunga: naipa nyota 4, ile moja nimeikata kwa sababu ya namba 1 mpaka 5

Nimeanza kuitumia hii huduma Septemba 2017, wakati Irma iko baharini inaelekea visiwa vya Karibi, na tangu hapo kila msimu ukifika, yani tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba kwa upande wa Atlantiki, ndo saiti naifungua asubuhi kabla hata sijasoma meseji. Kwa asiyeijua, NHC ni Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kipo Miami, kazi yake ni kutabiri vimbunga vya Atlantiki na Pasifiki ya mashariki, vile wenyewe wanaviita hurikeni. Ni mnyama yuleyule anayeitwa taifuni Pasifiki ya magharibi na saikloni kwenye Bahari ya Hindi, kinachobadilika ni bahari tu, sisi kwa Kiswahili vyote ni vimbunga na imeisha. Hulipii, hujisajili, hakuna tangazo linalokurukia usoni.

Ila kuna jambo moja nataka niliongee kwa kirefu kwasababu naona watu wanaingia pale, wanacheki kategoria, yani ile namba 1 mpaka 5 ya ukali wa kimbunga, wanatoka. Wakiona 5 wanashtuka, wakiona 1 wanafunga simu. Mimi ripoti za vimbunga vikubwa nimezisoma nyingi sana, baadhi mara mbili mbili, na naomba mniamini hapa: ile namba inapima upepo, na upepo sio unaoua watu wengi. NHC wenyewe wanasema hivyo, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga Marekani kwa miaka 50, kuanzia 1963 mpaka 2012, kama tisa kati ya kila kumi ni maji. Karibu nusu ya vyote ni bahari kupanda nchi kavu, kama robo ni mafuriko ya mvua. Lakini jina linalobandikwa kwenye kimbunga, linalosomwa redioni na kuandikwa kwa herufi kubwa, ni la upepo peke yake.

Tuanze na hiyo skeli yenyewe maana ndo sura ya hii huduma. Inaitwa Saffir-Simpson. Herbert Saffir alikuwa injinia wa majengo Florida, mwaka 1969 akafanya kazi ya Umoja wa Mataifa kuhusu nyumba za gharama nafuu kwenye maeneo yanayopigwa na vimbunga, akakuta hakuna lugha rahisi ya kumwambia mtu upepo huu utafanya nini kwenye nyumba yako, ndo akatoa madaraja matano. Hapo pazingatie sana. Ilikuwa skeli ya mtu wa majengo, swali lake lilikuwa paa litabaki au litaondoka, na kwa swali hilo iko vizuri mno mpaka leo. Halafu Robert Simpson, ambaye ndo alikuwa mkurugenzi wa NHC kipindi hicho, akaongezea upande wa bahari, kwamba daraja hili maji yatapanda kiasi hiki, na mwanzoni mwa miaka ya sabini ikaanza kutolewa kwa umma.

Kategoria 1 inaanzia kilomita 119 kwa saa, 2 inaanzia 154, 3 inaanzia 178, 4 inaanzia 209, na 5 ni 252 kwenda juu bila mwisho. Chini ya 119 bado ni dhoruba ya kitropiki, na jina inapewa ikifika 63. Kuanzia 3 wanakiita kimbunga kikubwa. Wanachopima ni wastani wa dakika moja kwenye kimo cha mita 10, sio ule mvumo wa ghafla unaopita sekunde mbili tatu, kwahiyo ukisoma 252 ujue kuna mivumo inazidi hapo. Na msukumo wa upepo kwenye ukuta unapanda kwa mraba wa spidi, yani 252 ni mara mbili na kidogo ya 119 lakini ukuta unasukumwa mara nne na nusu. Hiyo hesabu nilivyoifanya mwenyewe kwa kalamu ndo nikaelewa kwanini picha za kategoria 5 hazina nyumba zilizopasuka madirisha, zina misingi mitupu ya saruji.

Sasa mwaka 2010 NHC wakafanya kitu ambacho mimi nakisifu sana, wakaondoa habari ya bahari na mgandamizo wa hewa kwenye skeli, ikabaki upepo tu, na wakaongeza neno upepo kwenye jina lake rasmi. Kwasababu namba zilikuwa zinagoma kabisa. Ike 2008 ilitua Texas ikiwa kategoria 2 lakini bahari ikapanda kama mita 4.5 mpaka 6. Charley 2004 ilitua Florida ikiwa kategoria 4, bahari ikapanda mita 2 hivi. Katrina 2005 ilitua ikiwa kategoria 3, bahari Mississippi ikafika mita 8.5. Pangeni hizo tatu kwa namba halafu mzipange kwa maji, mnapata mistari miwili tofauti kabisa. Kilichotokea baada ya 2010 ni kwamba skeli imekuwa ya kweli zaidi, lakini watu tunaoisoma tumebaki palepale, bado tunaiuliza namba ya upepo itujibu maswali ya maji.

Na hapa niseme kisa changu. Kuna aplikesheni ya hali ya hewa niliilipia, jina naliacha, nilikuwa naitumia sambamba na hii saiti kwasababu ilikuwa na ramani nzuri. Septemba 2018 Florence ilikuwa kategoria 4 katikati ya bahari, nimeifuatilia siku kama kumi, halafu ikakaribia North Carolina ikaanza kushuka, ikawa 3, 2, ile aplikesheni ikanitumia ujumbe kwamba kimbunga kimepungua nguvu, rangi ikabadilika kutoka zambarau kwenda njano, na mimi nikaamini imeisha nikaenda kulala. Kesho yake nafungua ripoti za NHC nakuta imetua kategoria 1, kweli, lakini inatembea spidi ya mtu anayetembea kwa miguu, imekaa palepale inamwaga. Kuna sehemu zilipata zaidi ya milimita 900 za mvua. Mito iliendelea kupanda siku nyingi baada ya upepo kuisha. Nilijisikia vibaya kwasababu nilikuwa na rafiki wa mtandaoni anakaa maeneo yale na mimi ndo nilimwambia usiku ule kuwa imeshuka, afadhali. Tangu siku hiyo ile aplikesheni niliifuta, na kwenye saiti ya NHC nikabadilisha mpangilio wangu, naanza na kurasa za maji, namba naiona mwishoni.

Na kwenye hilo NHC wamewazidi wote. Tangu 2017 wana tahadhari rasmi ya bahari kupanda, inajitegemea, haisubiri kategoria, na wana ramani inayoonyesha maji yanaweza kufika kimo gani juu ya ardhi, sio juu ya usawa wa bahari, juu ya ardhi pale ulipo. Unaona kabisa mtaa huu mpaka magotini, mtaa ule juu ya kichwa. Hiyo ramani peke yake ningeipa nyota tano. Tatizo ramani yenyewe iko mbali na namba kubwa iliyo juu ya ukurasa, inabidi ujue ipo ndo uikute.

Kwanini maji hayafuati kategoria? Nilivyoelewa mimi baada ya kusoma sana, ni mambo matatu makubwa. Ukubwa wa kimbunga, kwasababu upepo unaosukuma eneo pana unasogeza maji mengi. Umbo la chini ya bahari, pwani yenye kina kifupi kinachoenda mbali kama ile ya Mississippi inafanya maji yajirundike hayana pa kwenda ila juu. Na historia ya kimbunga chenyewe kabla hakijafika, maana Katrina siku moja kabla ilikuwa kategoria 5 yenye kilomita 280 kwa saa, upepo ukapungua lakini bahari ilishapandishwa, maji hayashuki kwa sababu jedwali limebadilika. Wazee wa pwani ile ya Mississippi walikuwa na kipimo chao, Camille ya 1969, kategoria 5, moja ya vimbunga vikali kuliko vyote vilivyowahi kutua Marekani. Wakasema nyumba hii ilisimama kwenye Camille, Katrina ni 3 tu, sisi hatutoki. Camille ilileta maji kama mita 7.3. Katrina ndogo kwa namba, kubwa kwa mwili, ikaleta 8.5. Nikifika kwenye sehemu hiyo ya habari huwa nasimama kidogo, kwasababu wale watu hawakuwa wajinga, walikuwa na uzoefu na walikuwa na namba, vyote viwili vikawaelekeza kubaki ndani.

Sandy 2012 ni mfano mwingine, upepo wake wakati inafika New Jersey ulikuwa wa kategoria 1, na kiufundi ilikuwa imeshaacha kuwa kimbunga cha kitropiki muda mfupi kabla ya kutua, imegeuka dhoruba ya aina nyingine. Lakini upana wake ulikuwa karibu kilomita 1,600. Maji yakaingia kwenye mahandaki ya treni New York. Na kwa taratibu za wakati ule, kwasababu ilitarajiwa kubadilika aina, tahadhari ya kimbunga haikutolewa kwa pwani ya New Jersey, zilitoka tahadhari za aina nyingine. Baada ya hapo utaratibu ukabadilishwa, sasa hivi wanaweza kuendelea kutoa tahadhari hata kama dhoruba imebadilika jina. Nalisema hili kwa heshima, kwasababu taasisi ngapi zinabadilisha kanuni zake hadharani baada ya tukio moja?

Haya tuje kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo hazina yenyewe, maktaba yao. Kila kimbunga kikiisha, mtaalamu mmoja au wawili wanakaa miezi wanaandika ripoti, wanakusanya vipimo vya ndege, maboya, meli, rada, vituo vya nchi kavu, wanapitia upya kila saa sita kimbunga kilikuwa wapi na kina nguvu gani. Na wana orodha ya vimbunga vya Atlantiki kuanzia 1851, faili la maandishi matupu, linafunguka hata kwenye simu ya zamani. Unaweza kukaa na faili hilo wikendi nzima. Mimi nimekaa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba historia hiyo haijagandishwa. Wanairekebisha. Andrew iliyopiga kusini mwa Miami tarehe 24 Agosti 1992 ilirekodiwa kategoria 4 kwa miaka kumi, wastani wa kilomita 233 hivi kwa saa. Sasa zamani ndege ilikuwa inapita ndani ya kimbunga kwenye kimo cha kama mita 3,000, inapima upepo wa kule juu, halafu wanakadiria chini utakuwa asilimia 75 au 80 ya ule. Kuanzia 1997 wakaanza kudondosha dropsondi zenye GPS, hii ni bomba jepesi lenye parashuti dogo, linatupwa kutoka kwenye ndege linashuka kupitia ukuta wa jicho, yani ile duara ya upepo mkali inayozunguka katikati ya kimbunga, na kila nusu sekunde linatuma spidi ya upepo, joto, unyevu, mgandamizo, mpaka linapogusa maji linanyamaza. Baada ya kudondosha mengi kwenye vimbunga vingi wakaona kumbe chini upepo unabaki kama asilimia 90 ya ule wa juu. Wakarudi kwa Andrew na hesabu mpya, na mwaka 2002 ikapandishwa kuwa kategoria 5, kilomita 266 hivi kwa saa. Homestead, mji uliofagiliwa, ukaambiwa baada ya miaka kumi kilichowapiga kilikuwa nini hasa. Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilipata hisia ya ajabu, kwamba kuna mtu ofisini bado alikuwa anawafikiria.

Michael ikafanyiwa hivohivo, ilitua Mexico Beach, Florida, tarehe 10 Oktoba 2018 ikitajwa kuwa kategoria 4 ya juu kabisa, Aprili 2019 wakaipandisha 5. Tofauti ya kilomita kama nane kwa saa. Kwahiyo mpaka naandika hapa, vilivyotua Marekani bara vikiwa kategoria 5 kwenye rekodi ni vinne tu: kile cha Labor Day 1935, Camille 1969, Andrew 1992 na Michael 2018.

Cha 1935 hakina jina la mtu kwasababu majina ya wanawake yalianza kutumika rasmi Marekani 1953, na ya wanaume yakachanganywa kwa Atlantiki 1979. Kilipiga visiwa vya Florida Keys usiku wa Septemba 2. Kule kulikuwa na kambi za maveterani wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliokuwa wanajenga barabara, treni ikatumwa kuwachukua ikachelewa, ikafika Islamorada wakati bahari nayo inafika. Mabehewa yalitupwa nje ya reli, injini peke yake ikabaki imesimama. Zaidi ya watu 400 walikufa. Hakukuwa na setilaiti wala ndege ya kuingia kwenye kimbunga, tunachojua kuhusu nguvu yake kinatokana na barometa ndogo za watu walionusurika, ambazo baadaye zilipimwa kama zinasema ukweli. Zikatoa milibari 892. Karibu miaka tisini baadaye hakuna kimbunga kingine kilichotua Marekani na mgandamizo wa chini kuliko huo.

Hapa lazima niseme pia kwamba ukitaka kulinganisha ukali wa vimbunga kihistoria, mgandamizo unasema mengi kuliko kategoria, kadri unavyoshuka ndo kimbunga kinavyovuta hewa kwa nguvu. Wilma, Oktoba 2005, inashika rekodi ya Atlantiki kwa milibari 882, jicho lake lilikuwa dogo chini ya kilomita 4. Kwa upepo anayeongoza Atlantiki ni Allen ya 1980, kilomita 305 kwa saa. Na ukienda Pasifiki ya mashariki kuna Patricia, Oktoba 2015, kilomita 345 kwa saa na milibari 872, kitu ambacho hata kukiwaza ni kazi, lakini ilitua sehemu ya Jalisco, Mexico, isiyo na watu wengi, na ikawa imeshashuka, kwahiyo waliokufa ni wachache sana. Ilhali Mitch ya 1998 iliua watu zaidi ya 11,000 Amerika ya Kati, wengi wao Honduras na Nicaragua, na sehemu kubwa ya vifo vilitokea baada ya kushuka daraja, imezubaa juu ya milima inamwaga mvua, maporomoko ya udongo yakafunika vijiji vizima. Nani alikuwa mkali? Skeli inasema Patricia.

Kwa kweli orodha ya walioua zaidi Atlantiki inaanza kabla skeli haijafikiriwa. Kimbunga cha Oktoba 1780 kule Barbados, Martinique na St. Eustatius kinakadiriwa kuua watu kama 22,000. Na Galveston, Texas, Septemba 8, 1900, wanakadiria 8,000 hivi, ndo janga la asili lililoua wengi kuliko yote Marekani. Mji ulikuwa juu ya kisiwa ambacho sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 3 kutoka usawa wa bahari, maji yakaja na mita 4.5 na zaidi. Hata kama mwaka ule wangekuwa na mtu wa kuwaambia hii ni kategoria 4, swali la maana lilikuwa hizo mita. Baadaye walijenga ukuta wa bahari na wakaunyanyua mji wenyewe, nyumba zinainuliwa kwa jeki, mchanga unamwagwa chini yake.

Maria 2017 ilipiga Puerto Rico ikiwa kategoria 4, kilomita 250 kwa saa, zilibaki mbili tu iwe 5. Vifo rasmi vilikuwa 64, mwaka uliofuata serikali ikakubali makadirio ya 2,975, wengi ni watu waliokufa miezi ya baadae, umeme hakuna, hospitali hazifikiki, dawa hazina friji. Hiyo hakuna skeli ya dakika moja ya upepo itakayoikamata, na siilaumu skeli kwa hilo, nalaumu mazoea yetu ya kufunga ukurasa upepo ukiisha.

Kuhusu ile koni, ile picha nyeupe inayotanuka kama tarumbeta. Hii inasomwa vibaya kuliko kitu chochote pale. Koni inaonyesha katikati ya kimbunga inaweza kupita wapi, basi, na imetengenezwa kwa makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita ili katikati iwe ndani kwa kama theluthi mbili ya mara. Yani mara moja kati ya tatu inatoka nje na hiyo sio kosa, ndo ilivyopangwa. Wala haionyeshi ukubwa wa kimbunga, mtu yuko nje ya koni kilomita mia na anapigwa vilevile. Wanaiandika hiyo tahadhari juu ya picha kabisa, ila televisheni nyingi zinaikata wakionyesha.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote wengi hawajui hata kama ipo. Kila saa sita, pamoja na taarifa ya umma, mtabiri wa zamu anaandika maelezo yake, aya nne tano za maandishi, anasema modeli hii ya kompyuta inasema hivi, ile inasema vile, mimi nimechagua hapa kwa sababu hizi, na nina wasiwasi na jambo hili. Halafu anaweka jina lake chini. Otis, Oktoba 2023, modeli karibu zote zilikosea, zilisema itabaki dhoruba ya kawaida, ikatoka dhoruba ya kitropiki mpaka kategoria 5 ndani ya siku moja hivi na Acapulco ikawa mbele yake. Usiku ule mtabiri aliandika kwamba hali ya jinamizi inajitokeza kusini mwa Mexico. Lugha ya pale siku zote ni kavu, na ukishazoea ukavu wake, neno kama hilo linakuamsha kitandani. Ukisoma maelezo hayo msimu mmoja tu unaanza kujua wapi mtabiri ana uhakika na wapi anahangaika, na hilo hakuna namba inayokupa.

Kuna mjadala wa kuongeza kategoria 6, wanasayansi wawili Michael Wehner na James Kossin 2024 walichapisha hoja kwamba kuanzia kilomita 309 kwa saa kungekuwa na daraja jipya, na wakaonyesha vitano vingefika, Patricia kikiwemo na vingine ni taifuni, vyote tangu 2013. Hoja yao ni kuonyesha bahari inayozidi kupata joto inatupeleka wapi, na hiyo naielewa. Kwa huduma ya tahadhari mimi sioni faida. Mtu ambaye hakutoka kwa 5 hatatoka kwa 6, na ukiongeza ngazi juu unazifanya 1 na 2 zionekane ndogo zaidi, wakati Florence ilikuwa 1 na Ike ilikuwa 2.

Mambo madogo madogo. Saiti inaonekana ya kizamani lakini ni nyepesi, kurasa za maandishi zinafunguka hata intaneti ikiwa dhaifu, na nadhani hiyo ni makusudi. Taarifa ya umma inatoa kilomita pamoja na maili, ila maelezo ya mtabiri yanatumia noti za baharini (knots, kipimo cha spidi), zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Lugha ni Kiingereza na baadhi ya vitu Kihispania. Saa zimeandikwa kwa majira ya kimataifa au ya huko, angalia usije ukasoma taarifa ya saa sita zilizopita ukadhani ya sasa. Kama kuna tahadhari imetolewa wanaongeza taarifa ya katikati kila saa tatu.

Kwahiyo nyota yangu moja imekatwa kwa jinsi kategoria bado inakaa mbele ya kila kitu, japo najua wanajitahidi kuirudisha nyuma. Helene, Septemba 2024, ilitua Florida ikiwa kategoria 4, na jimbo lililopoteza watu wengi zaidi ni North Carolina, kule milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, kwa mafuriko na maporomoko. Maonyo ya mvua kubwa kule milimani yalikuwepo kwenye kurasa za NHC kabla haijatua, nilizisoma kwa macho yangu, aya kadhaa chini ya ile namba. Kama unaanza leo, anza na ripoti ya Andrew na ile ya Katrina, ziko bure kwenye maktaba yao, halafu msimu ukifika kimbunga cha kwanza kikipewa jina fungua ramani ya maji, kisha mvua, kisha maelezo ya mtabiri, soma mpaka chini kwenye jina lake.